Mwalimu Aliyekosa Pumzi

Ndugu msomaji, leo tusome habari za mwalimu Célestin Freinet wa Ufaransa. Alizaliwa mwaka 1896 katika kijiji cha Gars, milimani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Utotoni alichunga mifugo, kama wengi wetu tulivyofanya.

Alikuwa akisomea ualimu Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Akachukuliwa kuwa askari. Mwaka 1917 alijeruhiwa kifuani, na pafu lake likaharibika. Mwaka 1920 alipewa kazi katika shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup.

Sasa fikiri, msomaji. Wakati ule mwalimu alisimama mbele na kusema kutwa nzima. Watoto walikaa kimya na kukariri. Lakini Freinet hakuweza kusema kwa muda mrefu. Pumzi ilimwishia. Je, aache kazi? Hakuacha. Alibadili njia ya kufundisha.

Aliona kwamba watoto walichoka haraka mbele ya vitabu. Mawazo yao yalikuwa nje. Basi akawatoa nje. Walikwenda kumtazama seremala na mfumaji wakifanya kazi. Waliporudi walisimulia waliyoyaona. Mwalimu aliyaandika ubaoni, nao wakayasoma. Siku moja watoto walishindanisha konokono mbio. Habari hiyo nayo ikawa somo.

Lakini maneno ya ubaoni hufutwa. Kwa hiyo Freinet alinunua mashine ndogo ya kupigia chapa. Watoto walipanga herufi moja moja kwa mikono yao, wakachapa habari zao wenyewe.

Je, alificha ujuzi huo? La. Aliwaeleza walimu wenzake. Mwalimu René Daniel, aliyefundisha mbali huko Brittany, naye akapata mashine. Watoto wa milimani na watoto wa pwani wakapelekeana habari. Walimu wengine wakajiunga. Mwaka 1927 walifanya mkutano wao wa kwanza katika mji wa Tours. Walianzisha ushirika wa vifaa na gazeti lao. Hivyo kila mmoja alijifunza kwa mwenziwe.

Si wote waliopendezwa. Freinet alihamia Saint-Paul, na huko baadhi ya watu walimpiga vita. Walibandika matangazo ukutani ya kumshambulia. Mwaka 1933 aliondoka katika shule ile. Yeye na mkewe Élise wakajenga shule yao huko Vence, ikafunguliwa mwaka 1935. Mwaka 1940, wakati wa vita ya pili, serikali ilimkamata na kumweka kambini. Baada ya vita alirudia kazi yake. Alifariki mwaka 1966. Walimu wa nchi nyingi wamefuata njia zake.

Ndugu msomaji, mkulima akipata mbegu njema huwagawia majirani. Nao wakipanda, mbegu haipotei hata kama shamba lake likiungua. Freinet alifukuzwa na kufungwa, lakini ujuzi wake ulikuwa umekwisha kupandwa kwa wenzake.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini Freinet alibadili njia ya kufundisha?
2. Ujuzi wake ungekuwaje kama asingewaeleza wenzake?
3. Wewe una ujuzi gani? Umemfundisha nani?