Beccaria: Aliyepiga hesabu ya magendo na kuikataa kamba ya mateso

Mfanyabiashara ana magunia 10 ya bidhaa. Kila gunia amelinunua kwa Sh40,000, kwa hiyo mtaji wake ni Sh400,000. Mbele yake kuna mpaka, na ushuru wa kila gunia ni Sh40,000 nyingine. Upande wa pili, gunia lililolipiwa ushuru linauzwa Sh80,000. Akiamua kupita njia ya panya, kisha nusu ya mzigo ukakamatwa na kutaifishwa, je, amepata hasara?

Hapana. Magunia matano yaliyopona atayauza Sh400,000 na mtaji wake utarudi kama ulivyokuwa. Sasa shusha ushuru hadi Sh10,000 kwa gunia. Bei ya sokoni itakuwa Sh50,000, na mtu huyohuyo atalazimika kuvusha salama magunia manane ili arudishe fedha yake. Akipoteza matatu tu, ameumia.

Shilingi na magunia tumeyaweka sisi. Hesabu yenyewe iliandikwa kwa herufi za aljebra mwaka 1764 na kijana wa miaka 26 wa mji wa Milano, kaskazini mwa Italia. Jina lake ni Cesare Beccaria. Mwaka huohuo alitoa kitabu kidogo kuhusu makosa na adhabu, na ni kitabu hicho kilichomfanya ajulikane duniani. Lakini ukiyasoma maisha yake yote, hesabu ya magendo na kitabu cha adhabu vinatoka katika swali moja: kwa nini watu huvunja sheria, na ni nini hasa kinachowazuia?

Mtoto wa mji wa mipaka

Beccaria alizaliwa Machi 15, 1738 katika familia ya makabaila. Wakati huo Italia haikuwa nchi moja. Ilikuwa mkusanyiko wa dola, kila moja na mtawala wake, forodha yake, sarafu zake na vipimo vyake. Milano yenyewe ilitawaliwa na Austria. Ukielekea mashariki, kwa safari fupi ya farasi ulikuwa umeingia Jamhuri ya Venisi. Magharibi ulikutana na maofisa wa mfalme wa Sardinia, na kusini wa Parma. Msomaji wetu wa Namanga, Mutukula au Rusumo angeuelewa mji huo bila kuelezwa sana.

Alisomeshwa na mapadri Wajesuiti mjini Parma, akapata shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Pavia mwaka 1758. Kisha akampenda binti aitwaye Teresa Blasco. Baba yake aliona binti huyo hakutoka kwenye ukoo wa hadhi yao, akatumia nguvu za serikali kumfungia kijana nyumbani ili akili imrudie. Haikumrudia. Walioana mwaka 1761. Kifungo chake kilikuwa cha nyumba ya kitajiri, si cha gereza, lakini alikuwa ameonja amri ya mkubwa inayomzuia mtu bila hukumu ya mahakama.

Maandishi yake ya kwanza, mwaka 1762, yalihusu fedha. Soko la Milano lilikuwa na sarafu za dola nyingi, na thamani zilizopangwa na serikali hazikulingana na dhahabu na fedha iliyokuwamo ndani ya sarafu hizo. Beccaria alionyesha kwamba wajanja walikuwa wakila faida kwenye tofauti hiyo huku nchi ikipoteza sarafu nzuri.

Mnara wa aibu

Marafiki zake wakubwa walikuwa ndugu wawili, Pietro na Alessandro Verri. Alessandro alikuwa na kazi ya kuwatetea wafungwa wa Milano, na habari za magereza alizileta kwenye mazungumzo yao ya jioni. Beccaria alikuwa mtu mnene, mpole, mwoga wa watu na mvivu wa kuandika. Pietro ndiye aliyemsukuma aendelee, na akamnakilia kurasa zake vizuri.

Habari zenyewe zilitisha. Sheria ziliandikwa kwa Kilatini, lugha ambayo muuza mboga hakuijua. Mtu aliweza kushtakiwa kwa siri bila kumjua anayemshtaki. Na ushahidi ulipopungua, hakimu aliruhusiwa kuagiza mateso: mshtakiwa alifungwa mikono nyuma, akavutwa juu kwa kamba hadi mabega yaachane, mpaka akiri.

Katikati ya Milano palikuwa na mnara uliowakumbusha wenyeji utaratibu huo ulikofikisha mji. Mwaka 1630, tauni ilipokuwa ikiua watu, mama mmoja alimwona ofisa wa afya, Guglielmo Piazza, akipita akigusa kuta. Uvumi ukaenea kwamba anapaka sumu ya tauni. Piazza aliteswa mpaka akataja jina, na jina alilolitaja ni la kinyozi Giangiacomo Mora. Mora naye akateswa mpaka akakiri. Wote wawili waliuawa hadharani kwa ukatili, nyumba ya kinyozi ikabomolewa, na mahali pake ukasimamishwa mnara wa aibu. Tauni haipakwi ukutani, na watu hao walikufa bila hatia. Beccaria alipokuwa akiandika, mnara ulikuwa bado umesimama. Ulikuja kubomolewa mwaka 1778.

Kitabu kilichovuka mpaka

Beccaria hakuthubutu kukichapisha kitabu chake Milano. Alikipeleka Livorno, bandari huru ya dola ya Toscana, na kikatoka mwaka 1764 bila jina la mwandishi. Hata gazeti ambalo yeye na akina Verri waliliandikia, Il Caffè, na ambamo hesabu ya magendo ilitokea, lilichapwa Brescia, ndani ya mpaka wa Venisi, mbali na wakaguzi wa Milano.

Hoja ya kitabu ni rahisi kuifuata. Watu waliungana chini ya sheria kwa sababu walichoka kuishi kwa hofu. Kila mmoja alitoa kipande kidogo cha uhuru wake ili abaki na usalama kwa kilichobaki. Lakini kila mtu, akipata nafasi, hutamani kukichukua tena kipande chake na hata kunyakua cha mwenzake. Huo ndio mwanzo wa uhalifu. Mhalifu si lazima awe mtu mwenye pepo au damu mbaya. Mara nyingi ni mtu aliyepima faida na hatari, akaona faida ni nzito zaidi. Wizi, aliongeza, kwa kawaida ni kosa la mtu aliyebanwa na umaskini.

Kama ni hivyo, kazi ya adhabu ni kuibadilisha hesabu hiyo, si kulipiza kisasi. Inatosha hasara ya adhabu izidi kidogo faida ya kosa, na ukali wowote zaidi ya hapo ni bure. Jambo linalomzuia mtu ni uhakika. Adhabu ndogo isiyokwepeka, inayofika mapema, humtia mtu hofu kuliko adhabu ya kutisha ambayo wengi huiponyoka. Na adhabu zikiwa kali sawa kwa kosa dogo na kubwa, mwizi hana sababu ya kuishia kwenye wizi.

Kuhusu mateso alikuwa mkali. Mtu si mhalifu mpaka hakimu amhukumu, kwa hiyo kumtesa kabla ya hukumu ni kumwadhibu mtu ambaye huenda hana kosa. Isitoshe, kamba hupima nguvu za mwili tu: mwenye hatia aliye imara huvumilia akaachiwa, na asiye na hatia aliye dhaifu hukiri akauawa. Adhabu ya kifo nayo aliikataa, isipokuwa katika hali chache sana za hatari kwa taifa. Badala yake alipendekeza kazi ngumu ya maisha, jambo ambalo wakosoaji wake wameliona ni ukatili wa aina nyingine, na hawakosi hoja.

Magendo na kufilisika

Mfanyabiashara ana sura mbili zake katika kitabu hicho. Kuhusu magendo, Beccaria alisema kosa hilo huzaliwa na sheria yenyewe. Ushuru ukipanda, faida ya kuukwepa hupanda nao. Mpaka ukiwa mrefu na bidhaa ikiwa ndogo ya kubebeka, kishawishi huongezeka. Hakusema magendo si kosa, maana aliyaona kuwa wizi dhidi ya mali ya taifa. Lakini jirani haoni ameumizwa, ndiyo maana mtaani mvusha magendo hadharauliwi kama mwizi. Kutaifisha mzigo aliona ni haki, na adhabu hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ushuru unapokuwa mdogo. Kumweka mvusha tumbaku chumba kimoja na muuaji hakukubali.

Kuhusu kufilisika, alitaka atofautishwe tapeli anayeficha mali ya wadai wake na mtu mwaminifu aliyeangushwa na bahati mbaya ya biashara. Mwanzoni aliandika kwamba hata huyu mwaminifu anaweza kuzuiliwa afanye kazi kuwalipa wadai. Baadaye, katika toleo jingine, aliyafuta maneno hayo na kukiri kwamba anayaonea aibu. Ni waandishi wachache hufanya hivyo wakiwa tayari wana sifa.

Sifa hizo zilikuja kwa kasi. Mwaka 1766 Kanisa Katoliki lilikiweka kitabu kwenye orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku, na mwaka huohuo Voltaire akakiandikia maelezo ya kukiunga mkono. Paris ilimwalika. Alikwenda Oktoba 1766, akaogopa umati wa wasomi, akamkumbuka mkewe, na baada ya wiki chache akarudi nyumbani. Urafiki wake na akina Verri haukupona tena. Malkia Catherine wa Pili wa Urusi alimwita akafanye kazi kwake. Beccaria hakwenda, lakini maelekezo ya malkia huyo kuhusu sheria mpya, mwaka 1767, yalichota mengi kutoka kitabuni.

Miaka ya ofisini

Wengi huishia hapo, kana kwamba maisha yake yaliyobaki hayana maana. Mwaka 1769 alianza kufundisha uchumi Milano, na mwaka 1771 akaingia katika baraza kuu la uchumi la serikali. Kwa zaidi ya miaka 20 alishughulikia nafaka, sarafu, vipimo na njaa. Alitaka urefu na uzito vipimwe kwa kipimo kimoja katika dola nzima, ili muuzaji na mnunuzi wasidhulumiane kwa sababu ya mizani mbili.

Kazi hiyo haikuwa mbali na kitabu chake. Alikuwa ameandika kwamba kuzuia kosa ni bora kuliko kuliadhibu, na kwamba kinga ya kwanza ni sheria chache, zilizo wazi, kwa lugha ya wanaozitii. Ushuru unaojulikana, sarafu yenye thamani ya kweli na mizani ya haki ni kinga ya aina hiyo.

Alishuhudia baadhi ya matunda. Austria ilifuta mateso mwaka 1776. Novemba 30, 1786 Toscana ilifuta adhabu ya kifo. Mwaka 1792, katika kamati ya kurekebisha sheria za jinai, alikuwa miongoni mwa wachache waliosimama dhidi ya hukumu ya kifo, akisisitiza kwamba hakimu akikosea, kosa hilo halirekebishiki. Alifariki dunia Novemba 28, 1794 akiwa na miaka 56. Mjukuu wake, mwandishi Alessandro Manzoni, ndiye aliyekuja kuisimulia upya kesi ya kinyozi Mora.

Mpakani leo

Mtu anayeshukiwa leo katika nchi zetu analindwa na kanuni ambazo Beccaria alizipigania: hana hatia mpaka mahakama iseme, na haruhusiwi kuteswa ili akiri. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ambapo bidhaa zilizo kwenye orodha, zilizozalishwa ndani ya jumuiya, hupita kwa cheti chepesi cha uasili bila ushuru wa forodha.

Tumia hesabu ya magunia hapo. Mama mwenye mzigo unaostahili kupita bila ushuru hana faida yoyote ya kupita njia ya panya. Akipita huko, basi kuna gharama nyingine iliyoingia kwenye hesabu yake: hakuijua orodha, alisubiri cheti siku nzima, au aliambiwa kwamba penye udhia penyeza rupia. Kumwongezea miaka ya kifungo hakuziondoi gharama hizo. Kinachoziondoa ni orodha kubandikwa mahali inaposomeka, cheti kutolewa saa ileile, na risiti kwa kila shilingi inayolipwa dirishani.