MAISHA YA SAMUEL AJAYI CROWTHER: HEKIMA, AMANI NA UPENDO VILIMTOKA WAPI?



Mara nyingi jioni, kiisha masomo, tunabishana juu ya hekima. Mmoja anasema iko ndani ya vitabu, mwingine anasema iko kwa wazee, na wa tatu anacheka tu na kusema kama hekima ni diploma ya Leta. Juu ya amani, karibu wote wanasema ni kitu cha mtu mwenye mshahara na nyumba ya mabati. Mimi sitajibu kwa maneno yangu. Nitawaelezea maisha ya Mwafrika mmoja ambaye watu walimnyang'anya kila kitu akiwa mtoto, na kwa uzee wake wakamnyang'anya tena, lakini hata wale waliompinga walikubali kama alikuwa mtu mpole na mnyenyekevu.

Jina lake Ajayi. Alizaliwa karibu mwaka 1809 kwa mji wa Osogun, katika inchi ya Wayoruba, ambayo leo iko ndani ya Nijeria. Kwao jina Ajayi wanapatia mtoto aliyezaliwa uso ukiangalia chini. Asubuhi moja mwaka 1821, wakati wanawake walikuwa bado wanapika chakula, kundi la watu wa vita likauzunguka mji. Ufalme mkubwa wa Oyo ulikuwa unabomoka, na kila mwenye nguvu alikuwa anawinda watu kusudi awauze. Tusijidanganye: waliokuja siku ile hawakuwa Wazungu. Walikuwa Waafrika, Waislamu wengi kati yao, na wengine walikuwa Wayoruba kama yeye. Nyumba zikachomwa. Ajayi akafungwa kamba shingoni pamoja na mama yake Afala na wadogo zake. Baba yake hakumwona tena.

Sasa sikilizeni bei ya mtoto huyu. Kwanza walimbadilisha na farasi. Kiisha miezi miwili hivi yule farasi hakumpendeza aliyempokea, akamrudisha, na mtoto naye akarudishwa sawa vile tunarudisha sufuria yenye tundu sokoni. Kisha akauzwa tena, na tena, mara kwa pombe kali na tumbako. Akatenganishwa na mama yake. Alikuwa na miaka kumi na mbili ao kumi na tatu tu, umri wa wadogo zetu wa mwaka wa kwanza. Usiku alikuwa anajaribu kujinyonga kwa mshipi wake, lakini moyo ukakosa nguvu. Aliyaandika haya yeye mwenyewe mwaka 1837, bila kujionea haya na bila kujisifu.

Mwishoni Wareno wakamnunua. Tarehe 7 Aprili 1822 akapakiwa ndani ya meli pamoja na watumwa wengine, wote 187, ili wavushwe bahari. Jioni ya siku ile ile meli mbili za vita za Uingereza zikawakamata Wareno, sababu Uingereza ilikuwa imekataza biashara ya watumwa. Mnafikiri watoto wale walifurahi? Hata kidogo. Walipoingizwa ndani ya meli ya Waingereza waliona nyama ya nguruwe imetundikwa, ngozi yake nyeupe, na mizinga iko na risasi zake za mviringo kando. Wakafikiri ile nyama ni ya mtu, na yale mapande ya chuma ni vichwa vya wenzao. Walitulia walipoona kwato za nguruwe. Mtu aliyeuzwa mara nyingi vile, hata akifunguliwa anaona kifo tu.

Waliteremshwa Sierra Leone, karibu na mji wa Freetown, ambako Waingereza walikuwa wanaweka watu waliookolewa. Hapo kulikuwa shule ya mamisionere wa CMS, ile misioni ya Kianglikana ambayo watu wa Mboga kwetu wanaijua vizuri juu ya kanisa la Uganda lililowatumia Apolo Kivebulaya mwaka 1896. Ajayi alishika kusoma kwa nguvu sana. Ndani ya miezi sita alikuwa anasoma Agano Jipya kwa Kiingereza. Tarehe 11 Desemba 1825 akabatizwa, akapewa jina Samuel Crowther, jina la mchungaji mmoja wa London. Mwaka 1827 chuo cha Fourah Bay kilipofunguliwa, yeye alikuwa kati ya wanafunzi wa kwanza kabisa. Akaoa msichana jina lake Asano, ambaye kwa ubatizo aliitwa Susan. Naye alikuwa mtumwa aliyeokolewa. Walikaa pamoja mpaka Susan alipokufa mwaka 1880. Nyumba yao ilijengwa na watu wawili waliokosa kwao, na mimi naona njo fasi ya kwanza ambapo upendo wake ulijifunza kutembea.

Lakini turudi kwa hekima, sababu hapa njo kuna kitu chenye faida kwetu sisi watu wa shule. Crowther alijua Kiingereza, na alisoma pia Kilatini na Kigriki. Angeweza kufunga koo na tai, akaanza kudharau lugha ya mama yake. Wengi walifanya vile (na hata leo tunawaona wenye kujifanya wamesahau lugha ya kwao kiisha muhula mmoja tu wa kukaa mjini). Yeye alifanya kinyume. Mwaka 1843 alitoa kitabu cha maneno ya Kiyoruba. Mwaka ule ule, tarehe 11 Juni, aliwekewa mikono London kuwa mtumishi wa kanisa. Aliporudi Freetown, mwanzoni mwa 1844, akahubiri kwa Kiyoruba mbele ya watu ambao hawakupata kusikia lugha yao ikisimama ndani ya kanisa.

Kazi ya kutafsiri Biblia ilimchukua miaka zaidi ya thelathini, yeye pamoja na wenzake, mpaka Biblia nzima ya Kiyoruba ikatimia katika miaka ya 1880. Namna gani alifanya? Hakufungia mlango wa ofisi. Alikuwa anakwenda kwa wazee wasiojua hata herufi moja, anakaa, anasikiliza. Alikuwa anaangalia midomo yao, neno gani wanalitumia kwa kesi, neno gani kwa ndoa, neno gani kwa kilio. Aliandika mezali zao. Aliuliza hata desturi za dini ya zamani, si kwa kuzicheka, bali kusudi ajue neno fulani limebeba mzigo gani. Mtu mwenye Kigriki anaketi chini mbele ya mzee asiyejua kusoma na kuwa mwanafunzi wake. Hekima ya Crowther ilikuwa vile: ilikuwa ndani ya masikio.

Na Waislamu je? Kumbukeni ni kundi la nani lilichoma Osogun. Alikuwa na sababu kabisa ya kuwachukia mpaka kaburini. Lakini alipopanda mto Niger, alikuwa anaketi ndani ya nyumba za wafalme Waislamu na kuzungumza nao juu ya Mungu kwa upole. Hakutukana Kurani wala nabii wao. Walipouliza swali, alifungua Biblia na kuwasomea jibu, kisha akanyamaza. Aliona kama ubishi unamfunga mtu masikio, na yeye alitaka masikio.

Sasa mambo ya mama. Mwaka 1846 Crowther alifika Abeokuta na misionere wengine, kiisha kukwama miezi mingi huko Badagry juu ya vita iliyofunga njia. Haikupita hata mwezi, tarehe 21 Agosti, akaletewa mwanamke mmoja mzee. Alikuwa Afala. Miaka 25 ilikuwa imepita. Walishikana mikono, wakaangaliana, wala hawakuweza kusema kitu. Mama alikuwa anatetemeka. Yeye naye alikuwa amepitia utumwa katika miaka ile. Ndugu zangu, nimesoma hadithi hii mara tatu na kila mara ninasimama hapo. Crowther hakumsukuma mama yake kwa ubatizo. Mama alifundishwa pole pole sawa na watu wengine, na tarehe 5 Februari 1848 akabatizwa na mwana wake mwenyewe, akaitwa Hanna, kwa sababu mwana wake alikuwa Samweli. Aliishi miaka mingi sana, akafa mwaka 1883.

Kazi zingine nitazipita mbio. Alisafiri mto Niger mara tatu na misafara ya Waingereza. Safari ya 1841 iliua Wazungu wengi kwa homa. Ile ya 1854, pamoja na Daktari Baikie, haikuua hata mmoja kwa homa, sababu walikunywa kinini kila siku. Mwaka 1857 misioni ilianzishwa Onitsha katika inchi ya Waibo, na watenda kazi wake walikuwa Waafrika watupu. Tarehe 29 Juni 1864, ndani ya kanisa kubwa la Canterbury, Crowther akawa askofu, Mwafrika wa kwanza katika kanisa la Anglikana. Mtoto aliyekataliwa kwa bei ya farasi!

Hapa wengi wangependa hadithi iishe. Lakini amani ya mtu haionekani siku anapovikwa kanzu. Henry Venn, yule mkubwa wa CMS aliyemwamini na kumsukuma mbele, alikufa mwaka 1873. Kiisha yeye wakaja wakubwa wenye fikara zingine, wakati ule ule Wazungu walikuwa wanagawanya Afrika. Wakatuma vijana wa Kizungu kuchunguza kazi ya mto Niger. Ni kweli, kati ya watumishi wa Crowther wengine walikuwa na makosa, na kwa inchi kubwa vile bila meli yake mwenyewe askofu hakuweza kufika pote. Lakini vijana hao waliwahukumu wote kwa kipimo kimoja. Mwezi wa Agosti 1890, kwa mkutano wa komite huko Onitsha, kijana mwenye umri wa mjukuu wake alisimamisha watumishi mbele ya uso wake, na kati yao mwana wake Dandeson. Crowther alikuwa na miaka karibu 80. Aliuliza kama askofu yuko na uwezo gani sasa, kisha akajitoa kwa ile komite. Miaka mingi ilipita mpaka askofu mkuu wa Canterbury aliomba msamaha juu ya matendo yale, mwaka 2014.

Kuna wenye kusema kama alikuwa mlegevu, angepaswa kupiga meza. Mimi sikubali. Angeweza kuondoka na nusu ya kanisa la Niger nyuma yake, na watu wengi Lagos na Freetown walikuwa na hasira tayari kumfuata. Hakufanya vile. Aliumia sana, tusiseme amani yake ilikuwa kutokuumia. Lakini hakuacha kazi, hakuacha kanisa, na hakukubali kusema kama Waafrika hawawezi. Alishika njia ya tatu: akatafuta pamoja na wakristo wa Delta namna ya kujilipia wachungaji wao wenyewe, wakae ndani ya Anglikana lakini bila feza ya Uingereza. Hata katika ugonjwa, mwaka 1891, alikuwa bado anapanga mambo hayo.

Alikufa Lagos tarehe 31 Desemba 1891. Mahali pake wakaweka askofu Mzungu. Lakini katika mwaka 1892 makanisa ya Delta, Bonny na majirani zake, yakaanza kujitegemea kwa matoleo yao yenyewe, na aliyewaongoza alikuwa Dandeson, yule mwana aliyesimamishwa kazi mbele ya macho ya baba yake huko Onitsha.