JOHN HARRISON, SEREMALA ALIYETENGENEZA SAA YA BAHARI

Usiku wa tarehe 22 Oktoba 1707, manowari nne za Uingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly zikazama. Watu zaidi ya 1,400 walikufa, kwa kuwa manahodha hawakujua hasa walipokuwa. Mwaka 1714 Bunge likaahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa mtu atakayepata njia ya kujua longitudo baharini.

Njia moja ilikuwa saa. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja. Nahodha mwenye saa inayoonyesha wakati wa nyumbani huilinganisha na jua la adhuhuri pale alipo, akajua amekwenda mashariki au magharibi kiasi gani. Lakini saa bora za siku zile ziliendeshwa kwa uzito unaobembea, nazo zilivurugika chombo kilipoyumba.

John Harrison alizaliwa mwaka 1693 huko Foulby, Yorkshire, mwana wa seremala, akakulia kijiji cha Barrow. Alishika kazi ya baba yake, akaongoza kwaya ya kanisa la kijiji. Mwaka 1713 alitengeneza saa ambayo hata magurudumu yake yalikuwa ya mbao.

Saa yake ya kwanza ya bahari, yenye kilo 34 hivi, ilipelekwa Lisbon mwaka 1736 ikafanya vizuri. Wakuu walipomwita mwaka uliofuata, hakujisifu. Aliwaonyesha kasoro zake, akaomba fedha atengeneze nyingine iliyo bora. Saa ya tatu ilimchukua miaka 19. Humo alitia kipande cha shaba na chuma vilivyounganishwa, ambacho hupinda kwa joto na baridi na hivyo kusahihisha mwendo wa saa. Hata hivyo hakuridhika.

Mwaka 1759 alimaliza ya nne, ndogo kama kisahani, upana sentimeta 13, yenye vito vya rubi na almasi ili vyuma visisuguane. Mwanawe William aliipeleka Jamaika mwaka 1761. Baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa sekunde 5 tu!

Wakuu hawakusadiki. Walidai jaribio jingine, kisha wakamtaka aifungue mbele yao, ndipo mwaka 1765 akapewa nusu ya zawadi. Mzee alikuwa na miaka 80 Bunge lilipomwongezea pauni 8,750 mwaka 1773, baada ya Mfalme George wa Tatu kumtetea. Alifariki tarehe 24 Machi 1776, akazikwa katika uwanja wa kanisa la Hampstead.

Kabla hajafa, Kapteni Cook alikwisha kuzunguka dunia na kurudi salama, akiongozwa na saa iliyonakiliwa kutoka ile ya nne.

Wapenzi wasomaji, kipande kile cha metali mbili hutumika hata leo katika pasi za umeme. Unapopiga pasi nguo zako, mkumbuke seremala aliyetaja kasoro za kazi yake mwenyewe kabla hajaulizwa, kwa sababu alijua kuna watu baharini watakaoitegemea.