Johannes Rebmann na Theluji ya Kilimanjaro

Johannes Rebmann alizaliwa Ujerumani mwaka 1820. Mwaka 1846 alifika Mombasa, akawa mmisionari huko Rabai. Tarehe 11 Mei, 1848, akisafiri kwenda Uchagani, aliona kilele cheupe cha mlima Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia alikiita kitu kile baridi tu. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya theluji, alitambua kuwa ni maji yaliyoganda.

Habari hizo zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley alizikataa. Yeye hakupata kufika Afrika.

Je, theluji yaweza kuwako karibu na Ikweta? Mwanafunzi wa Nambambo, wilayani Nachingwea, huona maji yakiwa kimiminika, na yakichemka huwa mvuke. Haoni theluji, kwa kuwa joto la huko halishuki hadi nyuzi 0 za sentigredi. Lakini tukipanda juu, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000. Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895. Huko juu mvuke huganda hewani, ukaanguka ukiwa theluji, yaani maji katika hali ya yabisi.

Mwaka 1862 Carl Claus von der Decken na Otto Kersten waliupanda mlima huo kupita mita 4,000, wakathibitisha habari ya Rebmann. Yeye alirudi kwao mwaka 1875 akiwa kipofu, akafariki mwaka 1876. Macho yake hayakuwa yamemdanganya.

Maswali
1. Taja hali tatu za maji.
2. Kwa nini theluji haianguki Nambambo?