Susanna Wesley, mama aliyempa kila mwana siku yake

Wahenga walitwambia samaki tumkunje angali mbichi, na kila mzazi, awe wa msikitini au wa kanisani, huukumbuka usemi huu siku ampelekapo mwanawe kwa mwalimu. Lakini wengi wetu tumeushika nusu. Twadhani kukunja ni kazi ya mwalimu peke yake. Sisi twamkabidhi mtoto chuoni au shule ya Jumapili, twatoa ada, kisha twangoja dini yake irudi tayari, mfano wa kanzu iliyopelekwa kwa fundi. Leo nataka kuwasimulia wasomaji, na hasa jirani zangu Wakristo wenye watoto wadogo, maisha ya bibi mmoja wa Kiingereza ambaye hakukubali kungoja hivyo.

Bibi huyo ni Susanna Wesley, na habari yake si ngeni kabisa kwetu wa pwani. Mwaka 1862 mmisionari Ludwig Krapf, ambaye alikwisha kufika Mombasa tangu 1844, alirudi akiandamana na wamisionari wa Kimethodisti, na miongoni mwao alikuwamo Thomas Wakefield. Wakafungua kituo chao Ribe, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Kutoka hapo madhehebu yao yalienea, na leo Wamethodisti wa Kenya wametapakaa hata Meru. Chanzo cha madhehebu hayo ni ndugu wawili, John Wesley na Charles Wesley. Nao ndugu hao, kabla hawajaingia chuo kikuu cho chote, walikuwa wanafunzi wa mama yao.

Mimi nilisomea chuo cha Koran wala si Mkristo, na sikukusudia kumfundisha mtu namna ya kusali. Nazungumza juu ya malezi, na malezi ni mzigo uliomwangukia kila mwenye mtoto.

Susanna alizaliwa mjini London tarehe 20 Januari 1669. Baba yake, Dakta Samuel Annesley, alikuwa mhubiri mwenye sifa kubwa, na Susanna alikuwa kitinda mimba wa watoto ishirini na watano. Mwaka 1662 mhubiri huyo alinyang'anywa kanisa lake kwa sababu ya kukataa kufuata taratibu za Kanisa la Kiingereza lililokuwa la serikali. Kwa hiyo alikuwa mtu aliyepoteza riziki na cheo kwa ajili ya imani.

Sasa angalia jambo lililotokea. Yapata miaka kumi na mitatu tu, binti huyu alikwisha kuzipima hoja za pande zote mbili, akaamua kumwacha baba yake upande wake na kujiunga na lile lile Kanisa la Kiingereza lililomtoa mzee wake mimbarini. Wazazi wangapi, wa dini yo yote, wangalistahimili? Wengine wangalimfukuza mtoto au wangalimtoa katika wasia. Dakta Annesley hakufanya hivyo. Aliendelea kumpenda, na mwishowe akamrithisha yeye maandiko yake mwenyewe, mali ambayo mwanachuoni huithamini kuliko fedha. Nadhani hapo ndipo Susanna alipopata somo lake la kwanza la uzazi, ya kuwa imani ya mtoto haishikwi kwa kamba.

Mwaka 1688 aliolewa na kasisi Samuel Wesley. Baada ya miaka michache walihamia Epworth, kijiji cha jimbo la Lincolnshire, mahali penye mabwawa na watu wasiopenda kuongozwa. Bibi huyu alizaa watoto kumi na tisa. Tisa walikufa wangali wachanga, wakabaki kumi, wa kiume watatu na wa kike saba. Mumewe alikuwa msomi na mtunga mashairi, lakini fedha hazikukaa mkononi mwake. Mwaka 1705 alifungwa katika gereza la Lincoln kwa sababu ya deni. Hata wao wenyewe walitengana kwa muda kwa ugomvi wa siasa, kwani mume alimwombea dua mfalme William na mke hakuitikia amina, maana hakumkubali kuwa mfalme wa haki. Walipopatana, akazaliwa John, mwezi wa Juni 1703.

Katika nyumba hiyo yenye njaa, madeni na vilio vya misiba, Bi. Susanna aliweka chuo. Naliita chuo kwa sababu mtu aliyepita kwa mwalimu wa Koran atalitambua mara moja. Mtoto alipotimiza miaka mitano, siku ya pili yake aliketishwa kufundishwa herufi, tangu saa tatu hadi saa sita, na tena tangu saa nane hadi saa kumi na moja. Katika siku hiyo moja alitakiwa ajue herufi zote, na wote waliweza, ila mabinti wawili waliochukua siku moja na nusu. Kesho yake hakupewa hadithi za sungura. Alifunguliwa kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza, akaanza kuendeleza neno moja moja mpaka asome aya bila kukwama. Kadhalika sisi tulitoka kwenye alifu na be tukaingia moja kwa moja katika maneno matukufu.

Alikuwa na kanuni zake. Mtoto alipoweza tu kutamka, alifundishwa Sala ya Bwana, akaisoma alfajiri na wakati wa kulala. Mtoto aliyekiri kosa lake na kuahidi kujirekebisha hakupigwa, kwa maana mama aliona kwamba hofu ya bakora ndiyo inayozaa uongo. Mtoto hakuadhibiwa mara mbili kwa kosa moja, wala hakusimangwa kwalo baadaye. Kitu cha mwenzio, hata kikiwa pini, hakichukuliwi bila ruhusa. Na hapana binti aliyepewa kazi ya sindano kabla hajaweza kusoma vizuri. Kanuni hiyo ya mwisho, katika zama ambazo watu waliona kusoma ni jambo la wavulana, ilikuwa kubwa kuliko inavyoonekana.

Lakini haki ya msimulizi ni kusema yote. Bi. Susanna aliamini kwamba nia ya mtoto yapasa kuvunjwa mapema, na watoto wake walijifunza kuiogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini wangali wa mwaka mmoja. Hilo mimi silisifu, wala simshauri mzazi aliige. Mtoto wa mwaka mmoja hajui kosa wala toba.

Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 nyumba yao iliwaka moto. Wote walitoka isipokuwa John, aliyekuwa na miaka mitano. Ngazi hazikupatikana. Mtu mmoja alipanda mabegani mwa mwenziwe, akamnyakua mtoto dirishani, na mara paa likaporomoka. Maandiko aliyorithishwa Bi. Susanna na baba yake yakateketea. Watoto walisambazwa kwa majirani na jamaa mpaka nyumba ijengwe upya, na waliporudi mama aliona kwamba adabu na ada nyingi za nyumbani zimepotea. Ikambidi aanze tena.

Safari hii alianza kwa njia nyingine, na njia hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Binti yake Emilia aliokota katika maktaba ya baba yake habari za wamisionari wa Denmark waliofika Tranquebar, huko Bara Hindi, mwaka 1706. Mama akasomewa, akaguswa sana. Akajiuliza yeye ambaye si mwanamume wala si kasisi afanye nini. Jibu alilipata ndani ya nyumba yake. Akawagawia wanawe jioni za juma. Jumatatu ilikuwa ya Mary, Jumanne ya Mehetabel waliyemwita Hetty, Jumatano ya Anne, Alhamisi ya John, Ijumaa ya Martha, Jumamosi ya Charles, na Jumapili ya Emilia na Susanna mdogo. Jioni hiyo mtoto aliketi na mama peke yake, wakazungumza mambo ya roho yake.

Msomaji, pima jambo hilo. Mwanamke mwenye watoto nyumba nzima, mume mwenye madeni na chakula cha shida, alipata wapi nafasi? Hakuipata, aliitenga. Darasani watoto wote walisikia maneno mamoja, lakini jioni kila mmoja aliulizwa yaliyo yake. Charles hakuwa amefika hata miaka mitano, naye alikuwa na siku yake sawasawa na wakubwa.

Majira hayo hayo, yaani kipupwe cha 1711 kuingia 1712, mumewe alikuwa London kwa mkutano wa makasisi. Jumapili jioni Bi. Susanna aliwasomea wanawe na watumishi sala na hotuba jikoni. Majirani wakasikia, wakaomba nao waje, mpaka wakawa kiasi cha watu mia mbili. Naibu wa kasisi akashitaki kwa barua, na mume akamwandikia mkewe aache. Yeye alijibu kwa heshima kwamba, akitaka aache, basi ampe amri iliyo wazi ili lawama ya kuwaacha watu hao isiwe juu yake mbele ya Mungu. Mume hakutoa amri hiyo.

Je, malezi haya yalizaa nini? John na Charles walipokuwa Oxford walijiunga na vijana wenzao kusoma na kusali kwa utaratibu wa saa na siku, na wenye dhihaka wakawaita Wamethodisti, maana yake watu wa utaratibu. Aliyeijua nyumba ya Epworth hatauliza utaratibu huo ulitoka wapi. Mwaka 1732 John, mwalimu wa chuo kikuu karibu kufika miaka thelathini, alimwandikia mama yake akimwomba amtengee tena sehemu ya ile jioni ya Alhamisi, amkumbuke kama alivyofanya zamani. Katika mambo yote aliyofundishwa, hilo ndilo alilolililia ukubwani.

Hata hivyo si wote waliopata raha. Hetty, ambaye kwa kipaji cha ushairi huenda aliwapita ndugu zake, aliweza kusoma Kiyunani angali mtoto mdogo. Mwaka 1725 alitoroka na mwanamume aliyemdanganya, akarudi na aibu. Baba alikasirika, akamwoza haraka kwa fundi wa mabomba ambaye hawakulingana naye kwa lo lote. Watoto wake walikufa wachanga, naye akatunga beti za kumlilia mmoja wao ambazo hata leo zatia uchungu. Mwaka uliofuata John alihubiri juu ya huruma kwa waliokosa, na baba yake akaudhika. Mama aliyeweka kanuni kwamba kosa lililokwisha kuadhibiwa lisisimangwe hakuweza kuifanya nyumba yake iishike kanuni hiyo siku ilipohitajiwa zaidi. Wazazi wenye mabinti wasipite haraka hapa.

Mumewe alifariki mwaka 1735. Bi. Susanna akaishi kwa wanawe, na mwishoni akakaa London katika nyumba ya John, kwenye kiwanda kikuukuu cha kusubu mizinga kilichogeuzwa kuwa mahali pa ibada. Huko mwalimu akawa mwanafunzi. John na Charles walipopata mwaka 1738 uhakika wa kusamehewa, mama alisikiliza, akapima, na mwaka 1739 akasema naye ameupata alipokuwa akishiriki meza ya Bwana. Tena John aliposikia kwamba Thomas Maxfield, kijana asiye kasisi, amehubiri, akaja mbio kumzuia, ni mama aliyemtuliza, akamtaka amsikilize kwanza na kuyatazama matunda. John alisikiliza, akakubali. Kutoka hapo wahubiri wasio makasisi wakawa nguvu kubwa ya Wamethodisti.

Alifariki Julai 1742, umri wake miaka sabini na mitatu. Aliwausia wanawe wakati roho ikitoka wamwimbie Mungu zaburi ya shukrani, nao walisimama kukizunguka kitanda wakaimba. Alizikwa Bunhill Fields. John alipoandika habari za mazishi hayo, alichapisha pamoja nazo barua ya mama yake ya mwaka 1732 yenye kanuni za malezi, ili wazazi wengine wafaidike.

Ningelikuwa mzazi wa Kikristo ningaliisoma barua hiyo kwa jicho la kuchagua. Fimbo ya mwaka wa kwanza ningeliiacha huko huko. Ahadi, msamaha na kusoma kwa mabinti ningalivichukua. Lakini kabla ya yote ningalichukua zile jioni. Shule ya Jumapili haiwezi kumpa mtoto jioni, kwa kuwa mwalimu mmoja ana watoto arobaini. Mzazi aweza. Na siku mtoto huyo akifikiri tofauti na wewe, kama Susanna alivyofikiri tofauti na Dakta Annesley, atakuwa amezoea kuja kukwambia.