Charcot: Daktari aliyefumbua siri za mishipa ya fahamu

MIONGONI mwa hospitali za Paris katika karne ya 19, Salpêtrière haikuwa mahali ambapo daktari mwenye tamaa ya cheo angetarajiwa kujichimbia. Majengo hayo, yaliyosimama palipokuwa na kiwanda cha baruti, yalihifadhi maelfu ya wanawake: vikongwe, mafukara, wenye kifafa, waliopooza na waliorukwa na akili. Wengi waliingia humo wasitoke tena.

Jean-Martin Charcot alikuwa amefanya kazi humo angali mwanafunzi. Mwaka wa 1862 alirejea, safari hii akiwa daktari mkuu, na hakuondoka hadi alipofariki.

Alizaliwa Paris mnamo Novemba 29, 1825, mwana wa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Alikuwa mkimya na hodari wa kuchora. Alihitimu udaktari mwaka wa 1853 kwa tasnifu iliyotenganisha jongo na baridi yabisi. Hata hivyo, mwaka wa 1857 alianguka mtihani wa kuwania nafasi ya kufundisha chuoni, akafaulu miaka mitatu baadaye.

Nguvu zake zilikuwa machoni. Alimtazama mgonjwa kwa muda mrefu, akanakili jinsi anavyotembea, anavyoshika kikombe, anavyotetemeka. Mgonjwa alipofariki, Charcot aliupasua ubongo na uti wa mgongo, akavichunguza kwa hadubini na kulinganisha aliyoyaona na dalili alizoandika miaka kadhaa nyuma. Kwa kuwa wagonjwa wake hawakuondoka, aliweza kusubiri.

Subira hiyo ilizaa matunda. Mwaka wa 1868 alieleza kinaganaga ugonjwa unaoacha makovu katika ubongo na uti wa mgongo, akautofautisha na ule wa kutetemeka ambao aliupa jina la Mwingereza James Parkinson, aliyeueleza mwaka wa 1817. Kuanzia 1869 alibainisha maradhi mengine, yanayoua neva za misuli hadi mgonjwa ashindwe kumeza na kupumua. Wafaransa huyaita maradhi ya Charcot hadi leo. Tiba, lakini, ilikuwa haba. Aliyajua maradhi mengi kuliko aliyoweza kuyaponya.

Mwaka wa 1882 serikali ilimpa wadhifa wa profesa wa magonjwa ya neva. Wanafunzi walimiminika, wakiwemo Joseph Babinski, Georges Gilles de la Tourette na, mwaka wa 1885, kijana kutoka Vienna aliyeitwa Sigmund Freud.

Hapo ndipo gwiji huyo alipojikwaa. Aliamini kwamba histeria ina kanuni thabiti kama maradhi mengine, akawa anawapumbaza wagonjwa kwa hipnosisi mbele ya umati. Hippolyte Bernheim wa mji wa Nancy alishikilia kwamba wanawake hao walitenda tu yale waliyohisi wanatarajiwa kuyatenda. Wakati ulimpa Bernheim ushindi, na Babinski mwenyewe akaja kuyaacha mafundisho ya mwalimu wake. Ni haki kuongeza kwamba Charcot alisisitiza, kinyume na dhana ya enzi hizo, kwamba wanaume pia hupatwa na hali hiyo.

Alifariki ghafla safarini katika eneo la Morvan, Agosti 16, 1893, akiwa na umri wa miaka 67. Mwanawe, Jean-Baptiste, alisomea udaktari pia, kisha akauacha akafuata bahari za barafu. Alizama na meli yake karibu na Iceland mwaka wa 1936.