Michael Grzimek

Michael Grzimek (12 Aprili 1934 – 10 Januari 1959) alikuwa mtaalamu wa zoolojia, mtengenezaji wa filamu na rubani kutoka Ujerumani. Anakumbukwa hasa kwa kuhesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani akiwa pamoja na baba yake.

Maisha

Alizaliwa mjini Berlin. Baba yake, Bernhard Grzimek, aliongoza bustani ya wanyama ya Frankfurt kuanzia mwaka 1945. Mwaka 1956 walitoa filamu juu ya wanyamapori wa Afrika waliokuwa wakikosa nafasi ya kuishi. Walikusudia kutumia mapato yake kununua ardhi ya kuongeza hifadhi ya Serengeti. Mkurugenzi wa hifadhi za Tanganyika, Peter Molloy, aliwashauri wafanye jambo lingine: kuchunguza wanyama wako wangapi na wanahamia wapi, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilikuwa inapanga kubadili mipaka ya hifadhi.

Ndege

Baba na mwana walijifunza urubani, na Desemba 1957 waliondoka Ujerumani kwa ndege ndogo aina ya Dornier Do 27. Ilipakwa mistari kama punda milia na kuandikwa D-ENTE; Ente kwa Kijerumani ni bata.

Do 27 huhitaji nafasi fupi ya kuruka na kutua. Miguu yake haikunjwi: magurudumu mawili yako mbele na dogo liko mkiani. Muundo huu unafaa mbugani, kwa sababu panga la injini hukaa juu ya nyasi na mawe, na hakuna mitambo ya kukunja miguu inayoweza kukwama. Hata hivyo, shimo la ngiri au muhanga lililofichwa na majani linaweza kuvunja mguu. Ndiyo maana ndege zinazotua porini hukaguliwa mara kwa mara matairi, breki, na boliti zinazoshika miguu kwenye bodi.

Hesabu ya wanyama

Mwaka 1958 waligawa eneo katika vipande, wakaruka chini chini huku wakihesabu kwa macho. Walipata wanyama wakubwa karibu 367,000, kati yao nyumbu wapatao 99,000. Pia waliwavisha baadhi ya wanyama kola za rangi ili kufuatilia safari zao, wakaona kwamba nyumbu walivuka mipaka iliyopendekezwa. Baadaye ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa, nyumbu waliongezeka kupita milioni moja.

Kifo

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akirusha ndege peke yake. Tumbusi aligonga bawa la kulia na kuliharibu, nyaya za usukani zikakwama, na ndege ikaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 24. Aliacha mke na mtoto mmoja. Wa pili alizaliwa baada ya kifo chake. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro.

Urithi

Filamu yao, Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti haipaswi kufa, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Mwaka 1959 mipaka ilibadilishwa: Ngorongoro ilitengwa na hifadhi, na Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti walilazimika kuhama. Kwa hiyo kazi ya akina Grzimek husifiwa kwa kuitangaza Serengeti duniani, na hukosolewa kwa kuona wafugaji kama tishio kwa wanyamapori. Maabara yenye jina la Michael ilijengwa Banagi, kabla ya utafiti kuhamia Seronera. Bernhard alifariki mwaka 1987, na majivu yake yalizikwa kando ya mwanawe.